Orodha hakiki ya karatasi za mtihani: shajara ya mradi

Wiki ya 1

Naanza shajara hii siku tatu baada ya kikao ambacho sote tulikuwa tunatazama meza. Karatasi yetu ya hisabati ilitoka na swali la 6(c) linalosema "Tumia jedwali lililo hapo juu", na hapo juu hapakuwa na jedwali lolote. Kwenye rasimu lilikuwepo. Liliondolewa ili maswali yaenee kurasa nne, na aliyeliondoa alidhani ni la 6(a) peke yake. Watu wanne tulitia sahihi kwamba karatasi imehakikiwa. Sahihi yangu ni ya tatu.

Alama za swali lile zilirekebishwa, na hilo halikuwa gumu. Kinachoninyima usingizi ni binti mmoja niliyemwona nikiwa nasimamia chumba cha pili. Aligeuza karatasi, akairudisha, akahesabu kurasa kwa kidole. Akainua mkono nusu, akaushusha. Nadhani aliogopa kuonekana hajui kusoma maelekezo. Alikaa na swali hilo hadi muda ukaanza kumtupa mkono, na swali la 7, ambalo najua analiweza, akaliacha tupu. Mwanafunzi asiyejua hulipita swali bovu kama anavyoyapita mengine. Anayejua ndiye anayenasa, maana ana hakika kwamba jibu lipo na tatizo liko kwake. Ukimwongezea alama baadaye, dakika zile hujamrudishia.

Mwalimu wa taaluma aliniambia, "Mwalimu, tuandalie orodha hakiki, kila karatasi ipitie hapo kabla haijaenda kwenye mashine." Nimekubali. Nina wiki tisa hadi mitihani ijayo.

Toleo la kwanza nimeliandika usiku mmoja. Lina vipengele 43. Je, maelekezo yako wazi? Je, lugha ni fasaha? Je, alama zimejumlishwa sawasawa? Je, michoro yote ipo? Mbele ya kila kipengele kuna kiboksi cha kutia alama ya vema. Nimelisoma tena asubuhi na sioni kilichosahaulika.

Wiki ya 2

Nimelijaribu. Nilichukua karatasi ya zamani ambayo haina siri tena, nikaiandika upya na kupandikiza makosa 10 ya aina tulizowahi kuziona: alama zisizofikia jumla, maelekezo yanayosema "jibu maswali matano" katika sehemu yenye maswali manne, mchoro wa 3 unaoitwa mchoro wa 2, swali la kuchagua lenye majibu mawili sahihi, na kadhalika. Nikawapa wenzangu watatu pamoja na orodha. Niliwaambia makosa yamo. Sikusema mangapi.

Wa kwanza alimaliza ndani ya dakika chache. Vema 43, zimeshuka mstari mmoja ulionyooka kama uzi wa fundi. Alikuwa ameona makosa mawili tu, na yote mawili ni ya tahajia. Huyu ni mtu makini, madaftari ya wanafunzi wake huyasahihisha hadi nukta. Nikakaa naye.

"Hapa umetia vema kwamba alama zinafika 60. Ulizijumlisha?"

Akanyamaza kidogo. "Niliziangalia."

Zilikuwa 58.

Wale wengine wawili walifanya vizuri kidogo, lakini hali ni ileile. Nimeliwaza jibu lake wiki nzima. Hakunidanganya. Kweli aliziangalia, na alama zikiangaliwa zinaonekana ziko sawa, kwa sababu ziko mahali pake, ndani ya mabano yake, zimepangwa vizuri ukingoni. Orodha yangu ilimuuliza kama mambo yako sawa, naye akajibu kwa hisia ya kuona mambo yako sawa. Kwa hiyo kosa ni la orodha.

Nimezifuta "Je" zote. Kuanzia toleo la pili, kila mstari unaagiza tendo, na tendo linaacha kitu kilichoandikwa ambacho mtu hawezi kukipata bila kulifanya. Mstari wa alama sasa unasomeka hivi: "Jumlisha alama za vipengele vyote, swali kwa swali. Jumla uliyopata: ____. Jumla iliyo ukurasa wa mbele: ____." Mstari wa michoro: "Pita swali kwa swali. Kila linapotajwa jedwali, mchoro, ramani au kifungu, andika namba ya swali na ukurasa ulipokikuta kitu chenyewe." Huo ungemkamata 6(c). Mtu angeandika "6(c)", angetafuta ukurasa, na kalamu ingebaki hewani.

Vipengele vimebaki 15. "Lugha ni fasaha" nimeitoa kabisa. Ufasaha ni kazi ya mhariri mwenye muda na utulivu, hauna tendo moja la kuuthibitisha, na ukiuweka kwenye orodha unawazoesha watu kutia vema bila kufanya kitu.

Wiki ya 3

Wiki ya kusoma. Nilitaka kujua waliotangulia walijifunza nini.

Tarehe 30 Oktoba 1935, katika uwanja wa Wright Field huko Ohio, Marekani, ndege mpya ya Boeing iliyoitwa Model 299 iliruka kwa majaribio ya jeshi, ikainua pua kupita kiasi, ikaanguka na kuwaka moto. Wawili walifariki, mmoja wao rubani mwenye uzoefu mkubwa. Injini zilikuwa nzima. Kufuli inayozuia usukani wa mkia usitikiswe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa haikuwa imefunguliwa. Marubani wakaandika orodha fupi ya mambo ya kufanya kabla ya kuruka, na ndege ya aina hiyo ikaendelea kutengenezwa na kutumika kwa miaka mingi. Ninachokichukua hapa ni kwamba aliyesahau hakuwa mgeni wa kazi. Orodha si adhabu ya wasiojua.

Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji mwaka 2008, vipengele 19, vimegawanywa katika vituo vitatu: kabla ya mgonjwa kupewa dawa ya usingizi, kabla ya ngozi kukatwa, na kabla mgonjwa hajatoka chumba cha upasuaji. Utafiti uliofanyika katika hospitali 8 za miji 8, ukachapishwa mwaka 2009, ulionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Habari njema sana. Lakini mwaka 2014 ulichapishwa utafiti mwingine wa hospitali 101 za Ontario, Kanada, baada ya orodha kama hizo kuanza kutumika jimboni, na vifo havikupungua kwa kiwango cha kutajika. Wachambuzi wamebishana sana juu ya sababu. Mimi niliposoma habari hiyo nilimkumbuka mwenzangu na vema zake 43. Karatasi inaweza kuwepo na kazi isiwepo.

Jambo la vituo nimelichukua lilivyo. Makosa ya mtihani hayazaliwi siku moja. Mengine huzaliwa mtungaji anapoandika, mengine karatasi inapopangwa kwenye kurasa, mengine ndani ya mashine ya kudurufu. Orodha ya mara moja, hata iwe nzuri namna gani, inahakiki kitu ambacho bado kitabadilika. Tutakuwa na vituo vitatu: rasimu inapotoka kwa mtungaji, kurasa zikishapangwa, na nakala ya kwanza iliyochapwa kabla ya kuchapa zilizobaki.

Nimechukua pia desturi ya wafanyakazi wa reli wa Japani, ambao hunyoosha kidole kwenye taa au saa na kutamka kwa sauti wanachokiona. Kidole kinalizuia jicho lisiruke. Katika vituo vyetu namba za maswali zitasomwa kwa sauti, kidole kikiwa juu ya namba. Jana nimejaribu peke yangu nikakuta karatasi moja ya zamani ina maswali mawili yenye namba 14. Ilifanyiwa mtihani hivyohivyo na hakuna aliyesema.

Wiki ya 4

Mstari niliokuwa nautegemea kuliko yote ulikuwa huu: "Fanya maswali yote bila kuona mwongozo wa kusahihisha. Andika majibu yako. Ndipo ulinganishe." Niliamini kwamba majibu ya watu wawili waliofanya kazi kila mmoja peke yake yakilingana, swali limepona. Wiki hii imani hiyo imevunjika, na nashukuru imevunjika juu ya rasimu.

Swali lilisema: pembetatu mraba ina kiegama (upande unaotazamana na pembe mraba) cha sm 10, na kimo kutoka kwenye pembe mraba hadi kwenye kiegama ni sm 6. Tafuta eneo lake. Mtungaji alipata sm² 30. Mhakiki, bila kuona mwongozo, akapata sm² 30. Nusu ya kitako mara kimo, kazi ya sekunde kumi. Majibu yamelingana, mstari ukajazwa.

Jioni nilikuwa nimemwachia rasimu mwenzangu wa fizikia, aangalie michoro tu. Ana tabia ya kuchora kila kitu. Nilisikia bikari ikigonga meza mara ya pili, ya tatu. Kisha akaniita.

"Kaka, njoo uone. Hii pembetatu haifungi."

Alikuwa amechora mstari wa sm 10. Akaweka alama katikati, akafungua bikari sm 5, akachora nusu duara juu ya mstari. Pembe mraba ya pembetatu yoyote yenye kiegama hicho lazima ikae juu ya tao hilo; ndivyo maumbo yalivyo. Na kilele cha tao kiko sm 5 juu ya mstari, basi. Nukta ya sm 6 aliyoiweka ilikuwa inaelea nje ya tao, peke yake. Pembetatu tuliyokuwa tunataka watoto watafute eneo lake haipo. Kanuni iliikubali kwa sababu kanuni haiulizi kama umbo lipo, inazidisha tu.

Tulikaa kimya tukiutazama mchoro ule. Nilikuwa namfikiria mtoto anayependa kuchora kama yeye, ambaye angechukua bikari yake ndani ya chumba cha mtihani na kukuta umbo linakataa.

Nimeongeza mistari miwili. Wa kwanza: "Swali lolote lenye umbo au vipimo: lichore kwa vipimo vilivyotolewa kabla ya kutumia kanuni. Ambatisha mchoro." Wa pili ni wa maswali ya hesabu yote: "Rudisha jibu ndani ya swali. Linawezekana?" Huu wa pili una alama ya kuuliza, nami nimeuacha hivyo kwa kusitasita, kwa sababu unadai jibu liandikwe kwa sentensi: "Wafanyakazi 3.5, haiwezekani." "Uwezekano ni 1.2, haiwezekani." "Urefu ni hasi." Tumeupitisha kwenye karatasi tatu za zamani na katika mojawapo tumekuta pembetatu yenye pande za sm 3, sm 4 na sm 9, ambayo pande zake fupi mbili hata zikinyooshwa hazifiki mwisho wa ule mrefu.

Wiki ya 5

Habari ya pembetatu imenipeleka kwenye kisa kikubwa zaidi. Mwaka 1982, katika SAT, mtihani wa Marekani wa kuombea nafasi vyuoni, kulikuwa na swali la duara dogo A linalobingirika kuzunguka duara kubwa B hadi linaporudi lilipoanzia. Nusu kipenyo cha A ni theluthi ya nusu kipenyo cha B. Duara A linajizungusha mara ngapi? Machaguo yalikuwa 3/2, 3, 6, 9/2 na 9. Waliotunga walitaka 3, maana mzingo wa B ni mara tatu ya mzingo wa A. Jibu sahihi ni 4, na halikuwemo. Watahiniwa walikuwa kama 300,000. Watatu ndio walioandika kulalamika, na swali likaondolewa kwenye alama.

Ukitaka kuliona kwa macho, chukua sarafu mbili zinazolingana. Shikilia moja mezani, ibingirishe nyingine kuizunguka bila kuteleza. Kwa hesabu ya mzingo unatarajia mzunguko mmoja. Utaona kichwa cha sarafu kimesimama wima tena ikiwa imefika nusu tu ya safari, na ikirudi ilipoanzia imeshajizungusha mara mbili. Safari ya kuzunguka yenyewe inaongeza mzunguko mmoja. Nimeifanya mezani mara nyingi wiki hii, na kila mara mkono unaniambia kitu ambacho kichwa kilikuwa kinakataa.

Swali lile lilipita mikononi mwa wataalamu. Naamini walilifanya bila kuona ufunguo wa majibu, na wote wakapata 3, kwa sababu wote walipita njia moja fupi. Kwa hiyo kufanya swali peke yako hakutoshi. Inabidi lifanywe kwa njia ya pili. Kama mtungaji ametumia kanuni, mhakiki achore. Kama mtungaji amechora, mhakiki akokotoe. Kama ni swali la maneno, mhakiki aigize kwa vitu: sarafu, vijiti, karatasi iliyokunjwa. Mstari umeandikwa: "Njia ya mtungaji: ____. Njia yangu: ____." Zikifanana, mhakiki hajamaliza.

Ni mstari ghali kwa muda. Kwa karatasi nzima hauwezekani, kwa hiyo tunautumia kwa maswali yenye alama nyingi na kwa yale ambayo mhakiki ameyamaliza upesi kuliko alivyotarajia. Hayo ya upesi ndiyo yanayonitia wasiwasi.

Wiki ya 6

Majina. Mwaka 2017, katika mtihani wa fasihi wa GCSE, yaani mtihani wa sekondari nchini Uingereza, bodi ya mitihani ya OCR iliuliza jinsi chuki ya Tybalt dhidi ya ukoo wa Capulet inavyoathiri mwisho wa tamthilia ya Shakespeare, Romeo and Juliet. Tybalt mwenyewe ni wa ukoo wa Capulet. Wanaochukiwa ni wa Montague. Watahiniwa kama 14,000 walilikuta swali hilo. Mwaka uliofuata msimamizi wa mitihani, Ofqual, aliitoza bodi faini ya pauni 175,000. Aliyeandika swali lile bila shaka anaijua tamthilia. Kosa la namna hii linatoka kwa anayejua, kwa sababu mkono wake unaandika bila kuhitaji kufungua kitabu. Mstari wetu: "Kila jina la mtu, mahali, mwaka na nukuu: fungua chanzo, andika ukurasa ulipokiona." Kumbukumbu haikubaliwi kuwa chanzo, hata ya mwalimu aliyefundisha kitabu hicho miaka ishirini.

Uchapaji umenishangaza kuliko nilivyotegemea. Swali la ramani lilikuwa limehakikiwa vituo viwili, safi kabisa. Kituo cha tatu nikaagiza rula iwekwe juu ya nakala iliyochapwa. Mstari unaopaswa kuwa sm 4 ulikuwa sm 3.8. Kompyuta ilikuwa imepangiwa kuupunguza ukurasa uenee kwenye karatasi, ikapunguza kila kitu pole kwa pole, macho hayaoni. Kwa kipimio cha 1:50,000, sm 4 ni km 2. Mtahiniwa anayepima vizuri angepata km 1.9, na mwongozo ungemkosesha. Asiyepima, akakisia km 2, angepata alama zote.

Nimejifunza jambo jingine hapo. Pembe haziathiriki karatasi ikipunguzwa, kwa hiyo swali la kupima nyuzi linabaki salama. Na kipimio cha mstari, ule mstari uliogawanywa kilomita chini ya ramani, hupungua pamoja na ramani, kwa hiyo bado unasema kweli. Kipimio cha uwiano, kama 1:50,000, ndicho kinachogeuka uongo. Tumekubaliana ramani zote ziwe na kipimio cha mstari, hata kama cha uwiano kipo.

Kingine cha mashine: grafu yenye mstari mwekundu na mstari wa bluu, ikidurufiwa bila rangi, inatoa mistari miwili ya kijivu isiyotofautiana. Swali likisema "mstari mwekundu unaonyesha nini", limekufa. Sasa mistari inatofautishwa kwa nukta na vistari, na kituo cha tatu kinahakiki nakala ileile atakayoshika mtoto, kamwe si picha iliyo kwenye kioo cha kompyuta.

Wiki ya 7

Maswali ya kuchagua, kwa kifupi. Hatari yake kubwa ni herufi. Machaguo yakipangwa upya, ufunguo wa majibu unabaki na herufi za zamani, na karatasi nzima inasahihishwa vibaya bila swali hata moja kuwa na kosa. Mstari: "Soma herufi iliyo kwenye ufunguo, kisha nakili maneno ya chaguo hilo." Ukijikuta unanakili upuuzi, umeshajua. Na kwa majibu mawili sahihi, dawa niliyoiona inafanya kazi ni kumpa mwenzako chaguo linalokaribia jibu na kumwambia alitetee kwa dakika moja. Akilitetea vizuri, swali linarudi kwa mtungaji.

Upinzani umekuja, na umekuja kwa mtu ninayemheshimu. Yupo mwalimu wetu mkongwe ambaye sote tunamwita Mzee. Aliiweka orodha mezani akasema, "Mwanangu, nimeanza kutunga mitihani wewe hujazaliwa. Leo unanipa karatasi ya kuhesabu namba?"

Sikubishana naye. Siku ya pili nilikwenda, nikamwamkia, nikamwomba anisimulie makosa aliyowahi kuyaona katika miaka yake yote. Tulikaa hadi kengele ya mwisho. Alinipa moja ambalo sikuwa nalo kabisa: swali linalojibiwa na swali lingine. Swali la 3 linauliza maana ya neno, na swali la 11 linalieleza neno hilo ndani ya sentensi yake. Kila swali peke yake ni zuri, kwa hiyo mhakiki anayekwenda moja moja hataliona milele. Alinieleza anavyolikamata yeye: huandika jibu la kila swali kwenye kipande cha karatasi, kisha husoma mtihani mzima akilitafuta jibu hilo katika maswali mengine. Nimeuingiza mstari huo kwa maneno yake mwenyewe, nikamwonyesha. Aliusoma mara mbili, akaomba nakala ya orodha.

Alinisaidia pia kulisema jambo ambalo sikujua nilisemeje kwa wenzangu, kwamba mtungaji hawezi kuhakiki karatasi yake. "Nyani haoni kundule," alisema kikaoni, "na mimi nimo." Baada yake hakuna aliyeona amedharauliwa. Mtungaji akisoma swali lake anasoma alichokusudia, na macho yanajaza neno lililoruka.

Sahihi nne za pamoja zimefutwa. Tuligundua, kila mtu alipoeleza kwa ukweli alivyohakiki ile karatasi ya 6(c), kwamba wa kwanza alijua watatu watapita baada yake, na wa mwisho aliona watatu wameshapita. Mimi wa tatu niliona yote mawili. Sasa wahakiki ni wawili, kila mmoja na karatasi yake ya orodha, hawaonyeshani hadi wote wamemaliza. Zikitofautiana namba popote, hapo ndipo wanapokaa pamoja.

Tumerudia jaribio la wiki ya pili kwa karatasi nyingine iliyopandikizwa makosa 10. Wahakiki wawili, kwa pamoja, wamekamata tisa. Moja lililopita ni kipimo: swali linatoa uzito kwa gramu na mwongozo unajibu kwa kilo. Mstari wake umeandikwa jioni hiyohiyo.

Wiki ya 8

Jambo moja la usalama ambalo lingetuletea balaa. Orodha iliyojazwa ina majibu ya mtihani mzima, pamoja na michoro. Ni siri kama mwongozo wenyewe. Mhakiki mmoja aliiacha kwenye droo ya meza, kwa nia njema kabisa, apumzike aendelee kesho. Kuanzia sasa inaingia bahasha ileile ya karatasi, inafungwa na kufunguliwa nayo. Ndiyo sababu pia tumebaki na karatasi na kalamu ingawa wenzangu vijana walitaka iwe kwenye simu.

Wiki ya 9

Karatasi ya kwanza ya kweli imepita vituo vyote. Orodha ni toleo la 7, pande mbili za karatasi moja. Kituo cha kwanza kilikamata kipengele kisicho na alama. Cha pili kilikamata maelekezo ya Sehemu B yaliyobaki kutoka kwenye mtihani wa muhula uliopita.

Jana alasiri, kila kitu kikiwa tayari, mtungaji aliomba kubadilisha neno moja katika swali la 9. Neno kweli lilikuwa linatatiza, na alikuwa na haki. Mchapaji akalibadilisha mara moja. Neno jipya ni refu zaidi. Mstari ukavunjika, aya ikaongezeka mstari mmoja, na grafu ya swali la 10 ikasukumwa ukurasa wa pili yake, mbali na swali lake, nyuma ya karatasi. Juu kabisa ya toleo la 7 kuna sentensi niliyoiandika nikikumbuka lile jedwali: "Badiliko lolote, hata la koma moja, linafungua upya kituo cha pili na cha tatu." Ilikuwa saa kumi na moja kasoro. Hakuna aliyesema tuache. Mzee alivuta kiti, akaweka kidole kwenye namba 1, akaanza kusoma kwa sauti.

Tulimaliza saa moja na nusu usiku. Grafu imerudi mahali pake. Mstari wa sm 4 ni sm 4.

Iliyobaki ni nakala ya herufi kubwa kwa wanafunzi wawili wenye uoni hafifu. Hadi sasa imekuwa ikikuzwa tu kutoka kwenye nakala ya kawaida, na hakuna aliyewahi kuipimia rula. Leo nimeipima: mstari wa sm 4 una sm 5.6. Nimeifungulia orodha yake kuanzia kituo cha pili, na nimemwomba mwenzangu wa fizikia aje na bikari.